Uji wa Bwana Farasi

Mwaka ule wa njaa na unga wa njano wa msaada, ambao hata panya wa Karatu walikonda, kulikuwa na wanawake waliokutana kila Alhamisi alasiri kusikiliza habari za mabwana wa Ulaya ya kale, watu wasiolima, wasiochunga, wala wasiojua debe la mahindi linauzwaje. Usiwacheke. Sukari ilikuwa kwa foleni, sabuni kwa foleni, hata kiberiti kilitaka umjue mtu. Hadithi pekee ndiyo iliyokuwa haina foleni.

Walikutana katika sebule ya nyumba ya shamba la kahawa, njia ya kwenda Oldeani. Mzungu mwenye shamba alikuwa ameondoka zamani, mashamba yalipotaifishwa, na mkewe akaacha kabati zima la vitabu. Wajanja walichukua viti. Wengine wakachukua mapazia, vitasa, na beseni la kuogea ambalo sasa ng'ombe wa mtu fulani walinywea maji. Vitabu vilibaki, maana karatasi zake zilikuwa nene mno kusokotea tumbaku. Karibu vyote vilikuwa vya namna moja: mapenzi ya zama za wafalme. Kwenye jalada utamkuta mwanamke anayekaribia kudondoka kutoka ndani ya gauni lake, mwanamume mwenye buti za kufika magotini amemshika kiuno, na nyuma yao ngome na radi.

Msomaji alikuwa Mwalimu Evarista wa shule ya msingi. Alipitisha macho kwenye mistari kimya kimya, akakohoa kidogo, kisha akaitoa kwa Kiswahili, huku wenzake wakifuma sweta au wakichambua maharage. Alisoma vizuri, tatizo ni kwamba hawakumwacha asome.

“Huyu bwana ana farasi wangapi?”

“Arobaini.”

“Na ng'ombe?”

“Ng'ombe hawajatajwa.”

“Basi ni maskini tu huyo,” alisema Nareyu, na kicheko kikazunguka sebule. Nareyu alikuwa Mmasai wa Arash. Alimkimbia mzee ambaye baba yake alimwoza kwake, akaja Karatu, akaolewa na dereva wa katapila la barabara, na tangu hapo hakuna mwanamume aliyeweza kumwambia jambo akaliamini mara ya kwanza.

Siku hiyo bwana wa kitabuni alikuwa anapita kando ya mto juu ya farasi mweusi. Akamwona binti wa mwenye kinu cha kusaga nafaka, akamtazama mara moja tu, na kabla binti hajauliza wewe nani, amekwisha kurushwa juu ya tandiko kama gunia la ngano. Wanawake walishusha pumzi.

“Mara moja tu!” alisema mke wa katekista. “Wengine wanatutazama mwaka mzima, halafu wanamtuma mjomba.”

Jina la bwana mwenyewe lilimshinda kila mtu ulimi, hivyo Nareyu akaamua aitwe Bwana Farasi, na Bwana Farasi akabaki.

“Lakini jamani,” alisema mke wa katekista, akiinua sindano zake, “hii si hadithi ya Hyasinta na Josephati?”

Wote wakageuka kumtazama Hyasinta aliyekaa karibu na dirisha. Hyasinta akacheka. Alikuwa na kicheko chake maalumu kwa jambo hilo, amekitumia tangu alipoolewa, na kilikuwa hakijachakaa kwa kuwa hakuna aliyewahi kukitazama kwa makini. Hakuna asiyeijua hadithi yenyewe. Josephati, mumewe, aliisimulia kila harusi, pombe ikishafika mahali pake. Kwamba alimwona Hyasinta akitoka kisimani, kwamba yeye na wenzake wanne walimbeba mbio mpaka nyumbani kwa mama wa Josephati, kwamba binti aligoma kula, na watu wakaanza kusema arudishwe. “Basi asubuhi moja mama akaleta uji,” Josephati alikuwa akisema, naye hapo husimama ili aonyeshe kwa mikono. “Akakishika kibuyu hivi, akanywa, akanywa, mpaka nikaona kitako cha kibuyu! Nikasema, huyu amenipenda!” Na harusi nzima hupiga makofi.

“Mama mwenyewe huwa hasemi,” alisema Marsela kutoka sakafuni. “Baba ndiye msemaji.” Marsela alikuwa kifungua mimba wa Hyasinta, msichana mrefu mwenye vidole vyepesi, na mwezi uliofuata angekwenda Wasso, ambako hospitali ilikuwa ikitafuta wasichana wa kufundishwa uuguzi msaidizi. Alikuwa amekwisha kushona sare yake mwenyewe. Aliinua macho kwa mama yake, na hakuwa anatania. “Ni kweli ulimpenda palepale, mama?”

“Fuma, mwanangu,” alisema Hyasinta. “Unaruka vitanzi.”

Jumamosi yake Marsela alikwenda mashine kusaga, na hakurudi.

Debe la unga lilirudi. Mtoto wa jirani alilileta kichwani, akasema dada amepandishwa kwenye lori la vitunguu, amepiga kelele, na lori limeshika njia ya Mang'ola. Haikuhitaji upelelezi kujua lori la nani. Baba yake Inosenti ndiye aliyekuwa akisomba vitunguu kutoka Mang'ola hadi Arusha, na Inosenti mwenyewe ndiye aliyekuwa akipunguza mwendo kila alipompita Marsela barabarani, akapiga honi, akatoa kiwiko dirishani ili saa yake ionekane.

Josephati alikasirika. Alichukua fimbo, akaizunguka nyumba, akatukana ukoo wa kina Inosenti wote hadi wafu wao. Kufika jioni fimbo ilikuwa imerudi kwenye pembe yake, na yeye ameketi mlangoni, anatazama barabara kwa sura ambayo Hyasinta hakuipenda. Ilikuwa sura ya mtu anayekumbuka ujana wake.

“Kijana mwenyewe si mbaya,” alisema.

“Marsela anakwenda Wasso.”

“Tutaona wazee watakuja na nini.”

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa koo za mlimani pale Karatu, na usidhani ulikuwa umekufa. Padre aliukemea altareni, mwenyekiti wa kijiji akaukemea mkutanoni, na harusi ilipofika wote wawili wakaja kula. Msichana akibebwa, kwao hawamkimbilii. Wanatuma wazee wawili, na wazee hao wanauliza swali moja tu: amekula? Ikiwa hajagusa chakula cha nyumba ile, anarudi kwa baba yake, na waliombeba wanatozwa faini. Ikiwa amekula, amekubali. Wazee wanarudi na pombe ya asali, baba anainywa kwanza, na pombe ya namna hiyo ikishapita kooni haitapikwi. Baba aliyeinywa hawezi tena kumpokea binti yake kama binti wa nyumbani.

Kwa hiyo Hyasinta alikaa akingoja kusikia kama mtoto wake ana njaa ya kutosha. Mwaka huo! Mwaka ambao watu walikuwa wanachemsha mizizi. Alilala na kuamka na swali hilo, akamwomba Mungu ampe Marsela nguvu ya kufunga, kisha akajisikia mchawi, kwa sababu mama gani anaomba mwanawe asile.

Alhamisi ilipofika hakutaka kwenda popote. Josephati ndiye aliyemsukuma. “Nenda kwa wenzako,” alisema. “Ukikaa hapa umejiinamia, watu watadhani tuna msiba.” Alilisema kwa upole. Josephati alikuwa mpole. Hilo ndilo lililokuwa gumu kumweleza mtu yeyote: hakuwahi kumpiga, hakuwahi kuuza mahindi akanywea, na alipopata sukari ya magendo kijiko cha kwanza kilikuwa cha mkewe. Ungemlalamikia wapi mtu wa namna hiyo?

Sebuleni walimpokea kwa sauti za chini chini na tabasamu pana. Mke wa katekista akamkumbatia. “Usijitese, mama,” alimnong'oneza. “Leo kesho utasikia amekula.” Alikuwa anamfariji, masikini, na Hyasinta akasema ahsante, maana utasema nini.

Evarista akafungua kitabu. Binti wa mwenye kinu alikuwa amefungiwa chumba cha juu ya mnara. Dirisha dogo, mvua, upepo. Amegoma kula. Vyakula vinaletwa mlangoni vinarudi vilivyo: nyama ya paa, matunda, mikate myeupe. Kwenye mikate myeupe sebule nzima ilimeza mate. Kisha asubuhi moja Bwana Farasi anapanda ngazi mwenyewe, anapiga goti, anamnyooshea bakuli.

“Bakuli la nini?”

“La supu,” alisema Evarista. “Supu nzito ya nafaka.”

“Nzito kama nini?”

“Kama uji.”

“Basi sema uji, mwalimu, tusizungushane.”

“Anamnyooshea bakuli la uji,” alisoma Evarista. “Binti anamtazama. Macho ya bwana yana huzuni ambayo hakuwahi kuiona. Mikono yake inatetemeka. Analipokea bakuli, anakula mpaka linaisha.”

Ilikuwa kama kuna mtu ametia kuni motoni. Kila mmoja alikuwa na lake.

“Hapo ndipo alipompenda,” alisema mke wa katekista. “Chakula cha mtu usiyempenda hakipiti.”

“Mimi nasema ni goti,” alisema mmoja aliyeolewa majuzi. “Mwanamume kupiga goti!”

“Goti si kitu. Ni yale macho. Mwalimu, rudia pale pa macho.”

“Na kwa nini bwana asimpeleke kwao, kama ana huzuni kiasi hicho?” aliuliza Evarista, ambaye hakupenda kusoma tu bila watu kufikiri. “Ngazi anaijua. Ufunguo wa mlango anao yeye.”

“Ah, mwalimu. Akimpeleka kwao kitabu si kitaisha?”

“Alikula kwa sababu alikuwa na njaa,” alisema Nareyu.

Walimzomea. “Nareyu hajui mapenzi!”

“Siyajui,” alikubali Nareyu. “Njaa ndiyo naijua. Mwenye njaa hana miiko.”

“Tusibishane wakati shahidi tunaye,” alisema mke wa katekista. Akamgeukia Hyasinta, uso umejaa wema. “Tuambie wewe. Siku ile ya kibuyu. Uliona nini machoni pa Josephati?”

Hyasinta aliweka sweta mapajani. Kicheko chake kilikuwa tayari, alikisikia kinapanda kama kawaida. Akamkumbuka Marsela palepale sakafuni, akiuliza akiwa hatanii, na jibu alilopewa. Kicheko kikakataa kutoka.

“Sikuona macho ya mtu,” alisema. “Nilikuwa natazama kibuyu.”

Wakacheka kidogo, wakingoja iliyobaki.

“Walinitupa kwenye chumba cha ndani, mahali pa ndama. Wenzake walikaa mlangoni wakiimba, ili nikipiga kelele isisikike. Usiku akaingia akafanya alichofanya. Asubuhi akaniuliza kama nimelala vizuri. Akauliza kweli, alitaka kujua. Nikagoma kula, kwa sababu mama yangu aliniambia nikibebwa nisile. Nikagoma mpaka nikaanza kuona vitu vinapita ukutani. Ule uji ulikuwa na maziwa. Niliunusa kabla mlango haujafunguliwa. Nilikunywa kwa sababu nilikuwa na njaa. Hata sikukumbuka kwamba ninaolewa. Nilijua ninakunywa uji.”

Sindano zilikuwa zimenyamaza.

“Lakini mmekaa miaka yote hii,” alisema mke wa katekista.

“Tumekaa.”

“Na hakupigi.”

“Hanipigi.”

“Basi?”

Hyasinta aliwatazama mmoja mmoja, akaona kwamba hawakumhurumia. Walikuwa wamekasirika. Mke wa katekista naye alibebwa, siku ya mvua kubwa, kila mtu alijua. Na yule wa pembeni yake. Na mama wa yule bi harusi mpya. Walikuwa na kitu kimoja kizuri walichojengea nyumba zao, na yeye amekuja kukichokoa kwa kijiti.

“Mwalimu, endelea,” alisema mmoja. “Tusikomee hapa, ni mkosi.”

“Mwishoni binti anamwambiaje Bwana Farasi?” mke wa katekista alimuuliza Evarista. “Si umekwisha kukisoma chote? Sema.”

Evarista alisita. Alikuwa mwaminifu kwa vitabu, hata vibaya. “Ukurasa wa mwisho binti anamwambia bwana kwamba alimpenda tangu siku ile ya farasi.”

“Mnaona?” alisema mke wa katekista, na pumzi iliyotoka sebuleni ilikuwa ya watu waliorudishiwa mali yao. Sindano zikaanza tena.

Nareyu alimsindikiza Hyasinta mpaka njia panda. Hakumpa pole, kwa kuwa pole haikuwa mtindo wake. Alisema tu, “Dada yangu Naipanoi anapika pale hospitali ya Wasso. Ana chumba. Akiletewa msichana usiku au mchana atampokea, hataniuliza mimi wala mtu.” Kisha akasema, “Wahi. Mume wako akishakunywa itakuwa kazi nyingine.”

Hyasinta akawahi, karibu mbio, na hata hivyo wazee walikuwa wamefika kabla yake.

Walikuwa wameketi ukumbini na vumbi la Mang'ola kwenye kope. Kibuyu cha pombe ya asali kilikuwa katikati, kimezibwa kwa majani mabichi. Josephati alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

“Amekula,” mzee mmoja alikuwa anasema. “Tumeona kwa macho yetu. Uji, bakuli zima, na hakulazimishwa.”

Josephati akajipiga paja. “Kama mama yake!”

Akamwona Hyasinta mlangoni, akamchekea kwa furaha ya kweli, jinsi mtu anavyomchekea mwenzake wa siri moja. Akakizibua kibuyu, akamimina kwenye kata. Desturi ilikuwa mwanamke apite kimya aende jikoni, na Hyasinta alikuwa amepita kimya mara nyingi katika maisha yake.

“Baba Marsela, usinywe.”

Wazee walitazama chini.

“Alikula kwa njaa,” alisema Hyasinta. “Hilo tu. Hata mimi nilikula kwa njaa.”

“Unasema nini?”

“Ule uji unaousimulia. Sikuwa nimekupenda. Nilikuwa na njaa, baba Marsela. Uji huo ungeletwa na wewe, au na mbwa, ningekunywa. Mrudishe mtoto.”

Mzee mkubwa akakohoa. “Mama ana uchungu wa mwana,” alisema taratibu, akimfungulia Josephati mlango wa kutokea. “Wote wako hivyo siku ya kwanza.”

Josephati hakumsikia. Alikuwa anamtazama mkewe, na Hyasinta akaona maneno yanaingia, yanapita kwenye harusi zote, yanafika mpaka mle chumba cha ndama. Alielewa. Hakuna aliyehitaji kumweleza zaidi. Mdomo wake ulilegea, macho yakawa ya mtu mzee ghafla, na kwa muda Hyasinta akamwonea huruma kweli kweli, maana alikuwa mtu aliyependa kupendwa.

Akiiweka kata chini, wazee watauliza kwa nini, na kufikia Jumapili Karatu nzima itakuwa inajua jibu. Hakuna harusi ambayo angeweza kusimama tena. Akiinywa, mke wake ni mama mwenye uchungu wa mwana, basi.

Akanywa. Aliinywa yote bila kupumua, mpaka wazee wakaona kitako cha kata.

“Mama Marsela amechoka,” alisema, akijifuta midomo, na wazee wakacheka kwa kutua mzigo. Walikaa, wakanywa, wakazungumza habari za mvua. Josephati hakusimulia hadithi yake. Asubuhi yake, kwa mara ya kwanza tangu waoane, hakumuuliza Hyasinta kama amelala vizuri.

Hyasinta hakumuaga. Aliikunja ile sare ya uuguzi, akaifunga kwenye kanga, akasimama barabarani hadi likapita lori linalokwenda Mang'ola kupakia. Alikaa juu ya magunia matupu. Njia ile inashuka sana, baridi ya Karatu inabaki nyuma, vumbi linakuwa jeupe, na unaanza kusikia harufu ya vitunguu kabla hujaviona. Njiani alipanga maneno. Pombe imenywewa, sawa, Karatu pamefungwa. Lakini Wasso hapajafungwa. Utingo alimwambia wakimaliza kupakia wanageuza hapohapo, kwa hiyo asikawie.

Marsela alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jiko la kina Inosenti, bakuli la uji mapajani. Alikuwa amevaa kitenge kipya cha Kenya. Alipomwona mama yake hakuinuka kumkimbilia. Mama yake Inosenti, mwanamke mwembamba mwenye adabu, alileta kiti cha pili, akasema anakwenda kutazama maji kwenye mfereji, akawaacha peke yao.

“Umekonda,” alisema Hyasinta.

“Nakula, mama.”

“Ndivyo walivyosema wazee.”

“Nilikula kwa kusudi.” Marsela alisema hivyo bila kuinua kichwa. “Mwanzo nilikataa. Nilikuwa naweza kuendelea kukataa, nilikuwa bado na nguvu. Halafu nikakufikiria wewe. Baba husema ulikunywa ule uji, mapenzi yakaja. Na yule wa kwenye kitabu, mwalimu alisomaje? Alikula?”

“Alikula.”

“Nilijua.” Alikoroga uji kwa kijiko. “Nikasema, lililotokea limekwisha kutokea. Kama nitakaa hapa, afadhali nimpende. Nikanywa. Kila asubuhi nakunywa, namtazama usoni, nangoja. Si mbaya, mama. Ameniletea kitenge. Asubuhi ananiuliza kama nimelala vizuri. Lakini hayaji. Wewe ilikuchukua muda gani?”

Jua la Mang'ola lilikuwa linamchoma Hyasinta mgongoni, na mtaroni maji yalikuwa yanapita.

“Bado,” alisema.

“Bado nini?”

“Bado hayajaja. Mpaka leo.”

Marsela aliinua kichwa. Hyasinta hakukwepa macho yake. Kisha akafungua kanga, akamwonyesha ile sare, akamweleza haraka haraka: lori linageuza, wakifika barabara kuu watadandia gari la Wasso, nyumbani hawatapita, Nareyu ana dada yake Wasso anaitwa Naipanoi, ana chumba, hataki maelezo. Marsela aliishika sare, akapitisha kidole kwenye pindo aliloshona mwenyewe. Akaweka bakuli chini. Akasimama.

“Na baba?” aliuliza. “Anajua hayo uliyoniambia?”

“Nilimwambia jana, mbele ya wazee.”

“Kabla ya pombe au baada?”

Hyasinta alitamani kusema baada. Lilikuwa neno dogo, na lingemtoa mtoto pale. Lakini alikuwa amechoka kabisa na maneno madogo.

“Kabla.”

“Akasemaje?”

“Hakusema. Alikunywa.”

Lori lilipiga honi barabarani. Marsela alibaki amesimama, sare mkononi, akitazama kule honi ilikotoka.

“Kumbe si kwamba wanaume hawajui,” alisema.

“Marsela, twende. Wasso si Karatu.”

“Wasso nako kuna malori, mama.”

Akaikunja sare vizuri, pindo juu ya pindo, akamrudishia. Honi ikalia tena. Kisha akaketi palepale kwenye kigoda, akalivuta bakuli, akala uji uliobaki mpaka ukaisha.